MAMBO YA NYUMBANI: Kupamba nyumba iendayo njiani

Huko Marekani ziko nyumba zisizo na msingi. Nyingine ni motokari kubwa yenye injini yake. Nyingine hukokotwa nyuma ya motokari. Ndani mna vitanda, meza, jiko, tangi la maji na choo. Sisi tutaziita magari-nyumba. Katika Afrika pia yamepata kuonekana: mwaka wa 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kiwanda cha Airstream, aliongoza msafara wa magari-nyumba 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, nao ulipita katika Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabeljiji.

Watu wengi huyatumia wakati wa mapumziko. Lakini wako pia wasio na nyumba nyingine. Katika kitabu chake Nomadland cha mwaka wa 2017, Jessica Bruder alieleza habari za wazee walioishi ndani ya magari baada ya shida kubwa ya fedha ya mwaka wa 2008, wakihama huku na huko kutafuta kazi za msimu. Kwa watu kama hao pazia safi na mto wa rangi si anasa. Ni namna ya kusema: hapa ni kwetu. Tuone basi jinsi wanavyopamba kwa vitu vichache.

Neno la kwanza ni uzito. Kila gari-nyumba lina kibandiko kinachotaja uzito wa mizigo usiopaswa kupitwa. Maji peke yake yala sehemu kubwa, kwani lita 150 ni kilo 150. Tena haba na haba hujaza kibaba: leo chungu cha maua, kesho kioo kizito, na siku moja mpira wa gurudumu wapasuka njiani. Kwa hiyo wenye akili hushika kanuni hii: kipya kikiingia, cha zamani kitoke. Huchagua kikapu mahali pa chungu, na kioo cha plastiki mahali pa kile cha kuvunjika.

Neno la pili ni rangi. Gari barabarani haliruhusiwi kupita upana wa meta 2.6 hivi. Kuta zenye rangi ya giza hukifanya chumba kionekane chembamba zaidi. Nyeupe au rangi ya maziwa hueneza nuru. Kabla ya kupaka, ukuta uoshwe mafuta ya jikoni, usuguliwe kidogo kwa msasa, kisha upakwe rangi ya chini ya kushikilia; la sivyo, rangi itabanduka kama ganda. Rangi kali iwekwe mahali pamoja tu, kwa mfano mlango wa kabati. Kioo kikielekea dirisha, nuru huongezeka.

La tatu ni nguo. Mapazia na foronya hugeuza sura ya nyumba kwa fedha kidogo. Yafaa vitambaa vya pamba vinavyofulika, vya rangi mbili au tatu zinazopatana. Pazia lisikaribie jiko kamwe.

La nne ni kutundika. Kuta ni mbao za milimita chache. Msumari haushiki, tena waweza kutoboa waya au bomba. Hutumika vipande vya gundi vinavyobandukika, baada ya kusafisha ukuta kwa spiriti. Kila rafu iwe na ukingo, kwa maana dereva akifunga breki ghafula, kisichoshikwa huruka.

La tano lapita yote: hewa. Pumzi za watu na mvuke wa chakula hugeuka maji juu ya kuta baridi, na ukungu huota chini ya magodoro. Kwa hiyo pambo lisizibe tundu la hewa, wala lisifunike kile chombo kidogo kinachopiga kelele kikitambua hewa ya sumu. Hewa hiyo hutoka katika moto usioungua vizuri. Haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Sisi twaijua: ni ile ile ya mbabula ya makala iliyoingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango umefungwa.

Pengine msomaji atauliza: mambo haya yatufaa nini, sisi tusio na gari-nyumba? Yatufaa sana. Chumba kimoja cha Lubumbashi, Bukavu au Goma, wanamolala wazazi na watoto, kina shida hizo hizo: nafasi ndogo, moshi, vitu vingi. Dawa pia ni moja. Ondoa kwanza kisichotumika, osha, paka kuta chokaa nyeupe, tundika pazia moja safi, mpe mtoto rafu yake ndogo ya madaftari. Dirisha liachwe wazi, na mbabula ibaki nje. Kazi hizi zaweza kumalizika siku ya Jumamosi moja, baba, mama na watoto wakisaidiana, na fedha ya kununua ni ya chokaa na kitambaa tu.

Wazee walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.