Perege wa Ruvuma na Ushahidi wa Tope
Kutoka ukingo wa Newala, na kusini ya Masasi, maji huteremkia mto Ruvuma, ambamo mna perege wa asili. Wafugaji humpenda sato wa kigeni kwa kukua upesi, wala hawana kosa. Lakini huko Rutamba, mkoani Lindi, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulidhihirisha kwamba wageni wamezaana na perege wenyeji. Mbegu zikichanganyika hivyo, samaki aliye hai hatoi tena ushahidi kamili wa ukoo wake. Tope laweza kuutoa: mwaka 2023 ilitangazwa kwamba masalia ya samaki wa kale, yaliyochimbuliwa chini ya Ziwa Viktoria, yamehifadhi vinasaba licha ya joto la tropiki. Tope la maziwa ya bonde la Ruvuma lichunguzwe vivyo hivyo, na upandikizaji wa sato usubiri majibu.