Salongo haisafishi mto: mavi ya Bukavu yanaenda wapi?



Kila siku ya salongo tunatoka na majembe, tunatoa matope mu makanivo, tunayaacha pembeni ya barabara, tunarudi nyumbani tukisema muji uko safi. Mvua ikinyesha, matope yanarudi mu kanivo, yanashuka mu mto Kahuwa, na Kahuwa inayamwanga mu ziwa Kivu. Na hayashuki peke yake.

Tulifuata Kahuwa kwa miguu, kutoka Kadutu mpaka ziwani. Tuliona mabomba ya vyoo yenye yanatoka mu maparseli na kuangukia moja kwa moja mu maji. Kuko wenye wanangoja mvua kubwa ili wafungulie shimo la choo. Chini kidogo, mama anafua nguo. Batoto banaoga. Mwingine anajaza bido yake. Kisha kipindupindu kinaingia mu kartie, na sisi tunajifanya kushangaa.

Bakubwa wanajibu: "Raia ni wachafu." Hapana! Mutu mwenye kujenga pa mlima, nyumba juu ya nyumba, choo kikijaa atakipeleka wapi? Gari la kunyonya haliingii mu avenye yake. Na hata likiingia, linaenda kumwanga wapi? Mutuonyeshe mahali muji huu unasafishia maji yake machafu. Tuko tunangoja.

Musituambie hii ni mambo ya Wazungu. London ya 1858 ilikuwa kama sisi: mavi yote mu mto Thames. Jengo la Bunge liko kando ya mto, na mwaka ule harufu iliwakaba wabunge wenyewe. Kwa siku 18 tu sheria ikapita! Injinia Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya muji. Lakini ilikuwa inapeleka uchafu mbali tu, na kuumwanga mu mto uleule, chini ya muji. Mu 1878 meli Princess Alice ilizama karibu na pale uchafu ulipokuwa unamwangwa, wakafa watu zaidi ya 600. Njo miaka iliyofuata wakaanza kutenga uchafu mzito na maji.

Kuhamisha uchafu na kuusafisha ni mambo mawili. Sisi tungali pa lile la kwanza.

Kusafisha siyo uchawi. Unachuja takataka kubwa. Unatuliza maji mu bwawa, uchafu mzito unazama. Kisha vijidudu vinakula uchafu uliobaki. Miji tajiri inavipulizia hewa kwa mashini. Mahali pa jua kama kwetu, mabwawa mapana yanaweza kufanya kazi hiyo bila umeme. Ardhi tambarare ni kidogo Bukavu, tunajua. Lakini milima yenye tunalaumu inasaidia pia: maji yanashuka yenyewe, bila pompe.

Tunadai mambo matatu:

1. Mahali pa kutengenezea mavi yanayotolewa mu vyoo, penye vitanda vya kuyakausha na mabwawa, na magari madogo yenye yanaweza kuingia mu makartie.

2. Mahoteli, mahospitali na majumba makubwa kando ya ziwa waanze wao: kila mmoja asafishe maji yake kabla ya kuyaachilia. Musianzie kwa mama wa Kadutu.

3. Pesa ya usafi tunayolipa, mubandike hesabu yake pa mlango wa kila komini.

Kati yetu kuko waliosoma mazingira, kemia na ujenzi. Leo wanauza kredi ya simu pembeni ya barabara. Kazi iko, na wenye kuifanya tuko.

Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira safi, na Serikali inapashwa kuyalinda. Bakubwa wanabadilika, bendera zinabadilika, Kahuwa inashuka vilevile. Goma wanakunywa maji ya ziwa hili. Ruzizi inayabeba mpaka Tanganyika. Kila chenye tunamwanga huku juu, kuko ndugu yetu huko chini.

Salongo ijayo tutatoka tena na majembe. Lakini safari hii, matope hatutayaacha pembeni ya barabara. Tutayabeba mpaka pa mlango wa meri, na tutauliza kwa sauti: tuyapeleke wapi?

Mto siyo choo!