'Unaenda Kenya?' Swali la Liboi lisilo na utani unaodhani

Kama una binamu Melbourne, muulize Jumapili amevaa nini miguuni. Akikwambia "thongs", tulia, anamaanisha ndara. Neno hilohilo litamke London na watu watakuangalia vibaya, maana huko ni chupi. Mwingereza akiwa "pissed" amelewa, Mmarekani akiwa "pissed" amekasirika. Video za aina hii zimejaa mtandaoni na mimi huzicheka kama wewe.

Sasa twende Liboi, kaunti ya Garissa, pale ukivuka mpaka unatokea Dhobley, Somalia. Huko pia maneno yana maana mbili mbili, ila maana utakayopewa inaweza kukulaza selo.

Anza na neno "Kenya" lenyewe. Ukisafiri kuja Nairobi kutoka pande hizo, mtu anaweza kukuuliza, "Unaenda Kenya?" Anayeuliza ana kitambulisho cha Kenya na anapiga kura Kenya. Hajapotea. Mkoloni aliifanya kaskazini yote kuwa eneo lililofungwa, unaingia na kutoka kwa kibali. Tukapata uhuru, ikaja vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikabaki huko mpaka 1991. Kwa mzee aliyeishi hayo yote, Kenya ni kule ng'ambo ya daraja la Tana. Vijana wanalisema kama mzaha, lakini mzaha huo wamerithi.

Halafu kuna "walalo". Limetoka kwa "walaal", ndugu kwa Kisomali. Neno tamu kabisa. Na "warya"? Hiyo ni namna tu ya kumwita mwanamume, kama "wee kijana". Nairobi tumelichukua tukalifanya jina la kabila! Ni sawa na mgeni ashuke Nairobi, asikie watu wakiitana "oyaa", kisha aandike kitabu kuhusu Waoyaa. Utaniambia ni utani wa mtaani tu. Labda. Mbona basi hatulitumii kumwita mtu tunayemheshimu?

Usidhani akivuka mpaka anapumzika. Upande wa Somalia, Msomali wa Kenya huitwa "sijui". Ndiyo, sijui yetu hii ya Kiswahili. Inasemekana ni kwa sababu Kiswahili kimemkaa mdomoni, hata akiulizwa kitu kwa Kisomali jibu linatoka "sijui". Kwa hivyo Nairobi anaulizwa ametoka wapi, na huko anakoambiwa ametoka wanamcheka kwa kuongea kama mtu wa Nairobi.

Mimi niliacha chuo kabla ya kufika mbali, sina digrii ya isimu. Lakini neno ambalo ningelifanyia utafiti ni "msasa". Wewe unalijua kwa fundi wa mbao, karatasi ya kulainisha meza. Liboi, kupigwa msasa ni kufikisha miaka 18, kwenda kuomba kitambulisho, kisha kukaa mbele ya kamati ithibitishe kwamba wewe na wazazi wako ni Wakenya. Msee wa Nyeri hajui kitu kama hicho. Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitangaza kwamba msasa huo wa ziada umefutwa kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Hatua nzuri, na ilichelewa sana.

Bado kuna neno moja gumu kuliko yote: "mkimbizi". Tangu 1991 wakimbizi walipoanza kumiminika, kwanza Liboi kisha kambi za Dadaab, Wakenya wa hapo karibu waliona majirani wakipata chakula na matibabu ambayo wao hawakuwa nayo. Ukame ulipobana, baadhi wakajiandikisha kambini, wengine wakaandikishwa wakiwa watoto. Ungefanya nini na njaa? Miaka ikapita, mtoto akakua, akaenda kuomba kitambulisho, akaweka kidole kwenye mashine. Mashine ikasema wewe ni mkimbizi. Hana nchi nyingine, na bila kitambulisho hana M-Pesa ya jina lake, hana kazi rasmi, hana kura.

Hata "kufungwa" huko kuna maana yake. Mei 2023 serikali ilisema mpaka wa Liboi ungefunguliwa ndani ya siku 60, kisha Julai ikaahirisha. Wakati huo wote, watu na bidhaa walikuwa wakipita.

Siku ukipanda basi la kutoka Garissa, kwenye kizuizi cha polisi mtaambiwa mshuke, vipande mkononi. Angalia nani anaambiwa arudi kukaa kwanza, na afande anamwita nani kwa jina gani.