Kutu ya Ala za Jadi ni Somo

Wengi wetu tuonapo kutu kwenye ala ya kale ya muziki, hukimbilia mchanga au ndimu tukaisugua hadi ing'are. Nia ni njema, lakini kila msuguo huondoa chuma pamoja na historia.

Chukua mfano wa nyatiti, ala ya nyuzi nane ya Waluo, ambayo sauti yake si ngeni kwa wakazi wa Sindo kando ya Ziwa Victoria. Mpigaji huvaa kwenye kidole gumba cha mguu pete ya chuma iitwayo oduong'o na kuigonga kwenye mti wa ala, huku njuga, yaani gara, zikilia mguuni. Ngozi ikichakaa huwambwa nyingine. Nyuzi za kano za ng'ombe nazo zimeachia nafasi nailoni. Lakini chuma kilichofuliwa na mhunzi wa zamani kikishaliwa, alama za nyundo yake hazirudi.

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni, na chumvi huharakisha uharibifu huo. Maji ya ziwa hili hayana chumvi ya bahari, lakini jasho la mpigaji linayo. Shaba nayo hujifunika utando mwembamba ambao aghalabu huikinga, ila chumvi ikipenya huzuka unga wa kijani unaozidi kuila. Hiyo ndiyo hatari ya ala yoyote ya shaba kwenye upepo wa bahari, mathalani siwa mashuhuri ya Lamu.

Je, basi ala zifungiwe makabatini? La hasha! Ala isiyopigwa hufa kwa namna nyingine. Nchini Uswisi, watafiti wametumia miale ya nyutroni kuchungulia ndani ya tarumbeta za kale bila kuzikata, wakichunguza unyevu uachwao na pumzi ya mpigaji. Lengo lao ni kujua jinsi ya kuzipiga bila kuziua.

Shule zetu hazina mitambo hiyo, lakini zina misumari, maji, chumvi na mizani. Mwalimu wa kemia na mwenzake wa muziki washirikiane: wanafunzi wapime jinsi kutu inavyokua, wapige picha za ala za wazee kwa idhini yao, na wawashauri kufuta jasho na kuzihifadhi pakavu. Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Msingi huo hauna budi kulindwa kwa maarifa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.