Kivu Kaskazini: Umeme wa kijiji usimsahau aliyekimbia vita

Katika vijiji vingi vya Kivu Kaskazini, jua likishazama, mkunga wa kituo cha afya anamulika kwa tochi ya simu. Mama mwenye mahindi yake anategemea mashine ya kusaga ya mazutu. Bei ya mazutu ikipanda, unga nao unapanda.

Kongo haikosi umeme kwa sababu ya kukosa mito. Inga ya kwanza ilizinduliwa mwaka 1972, ya pili 1982. Laini yake kubwa inakwenda karibu kilometa 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi, ikipita juu ya vijiji vyenye giza. Kijiji kikisubiri waya kama huo, watoto watazeeka gizani.

Njia fupi ipo, na watu wameiona. Huko Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, mtambo mdogo wa maji ulianza kazi mwaka 2013. Matebe, wilayani Rutshuru, ulifuata mwingine mkubwa zaidi mwaka 2015. Ndosho, mjini Goma, paneli za jua zenye betri zimewasha nyumba tangu 2020. Na sheria ya umeme ya mwaka 2014 iliruhusu wengine pia, si SNEL peke yake, kuzalisha na kuuza umeme.

Swali linalobaki ni hili: nani anahesabiwa? Mtandao mdogo wa umeme unapimwa kwa idadi ya nyumba. Fundi akifika wakati nusu ya wakaaji wako kambini, ataandika nyumba anazoziona. Betri na nguzo zitanunuliwa kwa kipimo hicho. Familia ikirudi, itaambiwa kwamba nguvu haitoshi. Iliyopoteza shamba na paa itakosa na taa.

Kwa hiyo machifu waandike viwanja vya wote, waliopo na waliokimbia, kabla ya nguzo ya kwanza kusimama, na wahami wawe na watu wao ndani ya kamati. Bei itangazwe mbele ya wote, na sehemu ya malipo iwekwe kando kwa ajili ya betri, kwani huchoka mapema kuliko paneli. Waya wa kwanza uende kwenye kituo cha afya na mashine ya unga, si nyumbani kwa mkubwa.

Wafadhili hupenda kuhesabu taa siku ya uzinduzi. Warudi kuzihesabu tena wahami wakisharudi kwao.