Fundi Akishagusa Breki, Upepo Utolewe Wote

Leo safu yetu inatoka jikoni na kwenda nje ya mlango, lilipoegeshwa gari la nyumba. Gari siku hizi limeingia katika malezi. Ndilo linalowapeleka watoto skuli na chuoni, linalomfikisha bibi hospitalini, na linalotukusanya sote siku ya harusi na siku ya msiba. Na katika nyumba nyingi za mwambao wetu, mwenye kuliendesha na kulipeleka gereji ni mama mwenyewe, ama kwa kuwa baba yuko baharini au Ghuba kutafuta riziki, ama kwa kuwa gari ni lake.

Mama huyo anaporudishiwa gari lililotengenezwa breki, aghalabu maneno huwa mawili: "Tayari, mama," kisha bei. Lipo swali moja ambalo halifai kukosekana baina ya maneno hayo: je, upepo umetolewa, na umetolewa wote? Juma hili tulieleze swali hilo mpaka lieleweke, maana asiyejua sababu ya kuuliza hunyamaza, na kunyamaza mbele ya breki ni khatari.

Tuanze na jinsi breki inavyofanya kazi. Unapokanyaga pedali, nguvu ya mguu wako huingia katika masta silinda, chombo kilicho mbele ya dereva chini ya boneti. Masta silinda huyasukuma mafuta ya breki kupitia mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu manne, na mafuta hayo ndiyo yanayozibana padi zikalishika gurudumu. Hakuna waya wala kamba baina ya mguu wako na gurudumu; mjumbe ni mafuta peke yake.

Mafuta yamechaguliwa kwa sababu kitu cha majimaji hakibonyei. Jaribu nyumbani kwa lile bomba la sindano tunalowanyweshea watoto dawa, lisilo na sindano. Lijaze maji mpaka pomoni, uzibe mdomo wake kwa kidole, kisha usukume. Halisogei, nguvu yako yote inafika kwenye kidole. Sasa limwage, livute hewa tupu, uzibe tena na usukume. Litaingia ndani kwa ulaini, na kidole hakitahisi nguvu kama ile ya mwanzo. Hapo umeiona siri nzima. Viputo vichache vya hewa vikibaki katika mabomba ya breki, mguu wako hutumia safari yake kuvibonyeza vile viputo, ilhali gurudumu linaendelea kuzunguka.

Upepo huo huingia vipi? Huingia kila njia ya mafuta inapofunguliwa: fundi anapobadilisha masta silinda, mpira wa breki uliopasuka, bomba lililotoboka au kalipa iliyokuwa ikivuja. Huingia pia mafuta yakiachwa kupungua mpaka kikopo chake kikawa kitupu. Kubadilisha padi peke yake, kwa kawaida, hakufungui njia hiyo, lakini kuna jambo lake: fundi huirudisha nyuma pistoni ili padi mpya zipate nafasi, na pedali ya kwanza baada ya hapo huzama mpaka chini. Kwa hiyo ni lazima pedali ikanyagwe mara kadhaa, gari likiwa limesimama, mpaka irudi juu, kabla halijasogea hata hatua moja.

Sasa tutazame kazi yenyewe inavyofanywa, ili ukiiona uitambue. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa kwenye kiti cha dereva. Wa pili huwa kwenye gurudumu. Nyuma ya kila breki ipo skrubu ndogo yenye tundu katikati, ambayo mafundi huiita nipeli. Fundi huvisha hapo kimpira chembamba, na ncha ya pili ya kimpira huizamisha ndani ya chupa yenye mafuta safi kidogo. Husema, "Kanyaga, shikilia." Aliye kitini hukanyaga na kushikilia. Fundi hulegeza nipeli kwa spana. Mafuta hutoka pamoja na viputo, na pedali huteremka. Hukaza nipeli kwanza, ndipo husema, "Achia." Mpango huu hauna ruhusa ya kugeuzwa: pedali ikiachiwa nipeli ikiwa wazi, breki huvuta hewa mpya ndani, na kazi ikawa kutwanga maji kwenye kinu.

Huo ni mzunguko mmoja. Hurudiwa mara nyingi kwa kila gurudumu mpaka mafuta yatoke safi, bila kiputo hata kimoja. Katikati ya kazi fundi huinuka kuongeza mafuta katika kikopo, kwani kikikauka upepo huingia kutoka juu na inabidi kuanza upya. Katika magari mengi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari letu la usukani wa kulia, hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Baadhi ya magari yana utaratibu wake, na kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Magari yenye breki za ABS wakati mwingine huficha hewa katika kifaa cha mfumo huo, na huhitaji kompyuta ya gereji ili itoke.

Hapa ndipo penye nasaha yangu kubwa ya leo. Katika gereji nyingi anayekalishwa kitini ni kijana mwanagenzi, na mwenye gari huwekwa kibarazani kusubiri. Mwambie fundi kwa adabu: "Mwanangu, nitakanyaga mimi." Kazi hiyo haichafui nguo wala haihitaji nguvu nyingi, yahitaji usikivu tu. Faida yake ni kwamba utauhisi kwa mguu wako mwenyewe ule mwanzo ambapo pedali ni laini kama sifongo, na mwisho ambapo imekuwa ngumu na iko juu. Baada ya hapo hutahitaji kuambiwa kuwa kazi imekwisha. Mguu wako ndio shahidi. Na ukiona uzito kwenda gereji peke yako, fuatana na mwanao mkubwa, ndugu au shoga yako, lakini usikose kuwapo.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio manne. La kwanza: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano au sita. Inatakiwa isimame juu na iwe ngumu. Ikiwa kila ukikanyaga kwa haraka inapanda zaidi, yamkini upepo bado umo, au breki za dramu za nyuma zahitaji kukazwa. La pili: ikanyage na uishikilie kwa nusu dakika. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mafuta yanayovuja, au masta silinda imechoka. La tatu: ukiwa bado umeishikilia, washa injini. Pedali itashuka kidogo kisha itulie. Hiyo ni dalili njema, kwani kisaidizi cha breki kimeanza kazi. La nne: endesha gari uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, na ufunge breki. Lisimame upesi, bila kuvuta upande mmoja. Kisha muombe fundi akague kila nipeli kama ni kavu, na kikopo kama kimejaa mpaka alama ya juu. Watoto wasipande mpaka yote haya yamekamilika.

Ikiwa jaribio moja limeshindwa, utasikia maneno ya kutuliza: "Endesha tu, mama, itakaa sawa njiani." Haikai. Upepo hautoki wenyewe kwa kuendesha. Hubaki pale pale, ukingoja siku ya mteremko. Fikiria foleni ya kuteremka kuingia ferini Likoni, gari mbele yako na watu wa miguu pembeni. Fikiria barabara ya kushuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, kona baada ya kona. Huko si mahali pa kugundua kwamba pedali inafika sakafuni. Jibu gari kwa fundi siku hiyo hiyo, na kama gereji inafunga, lilale hapo. Nauli ya matatu ya siku moja haiwezi kuwa ghali mbele ya roho za watu.

Mafuta yenyewe nayo yana mambo yake. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanywa maji kiwango hicho chaweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa yamenywa maji. Kwenye mteremko mrefu breki hupata moto sana. Mafuta yaliyolowa huchemka, mvuke ukatokea ndani ya mabomba, na mvuke ni kama upepo, hubonyea. Ndiyo maana mafuta hubadilishwa baada ya muda, aghalabu kila miaka miwili, au kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Nunua chupa mpya yenye kizibo ambacho hakijavunjwa, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha gari lako. Usikubali mafuta yaliyobaki katika chupa ya wazi, wala yale yaliyotoka kwenye magurudumu yarudishwe ndani. Na mafuta ya injini hayana ruhusa kabisa, hata tone, kwa kuwa hufurisha mipira ya breki na kuiharibu yote.

Wenye watoto wadogo, zingatieni: mafuta ya breki ni sumu yakinywewa. Yasiachwe katika chupa ya soda wala ya maji, hata kwa saa moja. Yakidondokea rangi ya gari huibambua; yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Na lau breki ikikuponyoka barabarani, Mungu apishe mbali, usizime injini. Kanyaga na uachie pedali kwa haraka mara nyingi, kwani huenda ikapata nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, teremsha gia hadi ya chini, washa taa za dharura, na uivute breki ya mkono kidogo kidogo, si kwa ghafla. Elekea pembeni, mahali pasipo watu.

Wako wanawake wanaoona haya kumhoji fundi, wakichelea kuonekana wajuaji au kumvunjia heshima. Kuuliza si kumdharau. Fundi mwema hufurahi kuulizwa, maana mwenye gari anayeelewa hamlaumu kwa lisilokuwa lake, wala hamharakishi. Naye akikasirishwa na swali la kistaarabu juu ya breki, hilo nalo ni jawabu, na gereji ziko nyingi. Gari ni mali na mali hupatikana tena, ama wale wanaokaa kiti cha nyuma ni amana, na aliyekamata usukani ndiye atakayeulizwa khabari zao.

Basi akina mama, na akina baba mnaotusomea, kesho asubuhi kabla ya kuondoka kanyageni pedali mara chache, injini ikiwa imezimwa, mjue hali yake. Tukutane juma lijalo, inshallah.