Kusubiri chanjo ya surua si kuiacha

Mfugaji mwenzangu, unajua kwamba kifaranga mwenye kinga nyingi aliyorithi kwa mama yake, ukimchanja kideri mapema, chanjo inaweza isishike vizuri. Ile kinga ya kuazima huizima kabla mwili wake haujajifunza kujilinda. Leo shikilia mfano huo, ila tuuhamishie kwa mtoto wako. Mimi ni bwana shamba, si daktari, lakini swali hili nimeulizwa gulioni na sikupenda kulipita.

Kuna ugonjwa uitwao Kawasaki, kwa jina la daktari wa Japani aliyeuandika mwaka 1967. Huwapata zaidi watoto chini ya miaka 5: homa siku 5 au zaidi, macho mekundu, midomo kupasuka, vipele, mikono na miguu kuvimba. Hatari yake kubwa ni mishipa ya moyo. Hutibiwa kwa aspirini na dripu ya kingamwili zinazotolewa kwenye damu ya watu wengi. Humo mna kinga ya surua ya watu wazima, nayo huzima chanjo ya surua na rubela. Ndiyo maana huagizwa miezi 11 ipite baada ya dripu.

Miezi 11 kijijini ni mingi. Vuli inapita, masika yanapita, kadi ya kliniki imeliwa na panya. Kwa maoni yangu tatizo ni hili: tunaambiwa "subiri", sisi tunasikia "basi". Wengine husimamisha chanjo zote, na hilo ni kosa zaidi, maana chanjo zisizo na vijidudu hai, kama ya pepopunda na kifaduro, dripu hiyo haizizuii.

Surua ikizuka jirani, usikae kuhesabu miezi. Mpeleke kliniki ueleze. Anaweza kuchanjwa mapema, kisha akarudiwa muda ukitimia. Na kama bado anameza aspirini, halafu akakaa na mgonjwa wa tetekuwanga au homa ya mafua, mwone daktari upesi. Usimkatishe dawa mwenyewe.

Kabla hamjatoka hospitali, omba tarehe ya dripu iandikwe kwenye kadi ya mtoto. Ukifika nyumbani iandike pia ukutani, palepale unapoandika siku ng'ombe alipopandishwa. Ile ya ng'ombe huwa husahau.